Zimwi Lionekanalo na Zimwi Lisikikalo: Mgogoro katika Utengenezaji wa Night of the Demon

Utangulizi

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulijadili ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: je, zimwi la hadithi lionyeshwe kwa hadhira, au lifichwe? Msimulizi wa ngano amelijibu swali hili tangu zamani bila ya kuulizwa. Mwandishi wa hadithi fupi hulijibu kila anapochagua neno. Lakini mtengenezaji wa filamu hawezi kulikwepa hata kidogo, kwa sababu chombo chake ni picha, nayo picha haina budi ama kuonyesha ama kutoonyesha. Ndiyo maana ugomvi juu ya umbo la zimwi umekuwa jambo la kawaida miongoni mwa watengenezaji wa filamu za kutisha. Na ndiyo maana ugomvi huo waweza kumfunza kitu hata mtaalamu wa fasihi simulizi ambaye kazi yake haina uhusiano wa moja kwa moja na sinema.

Mfano tulioteua ni Night of the Demon, filamu iliyotengenezwa Uingereza na kutolewa mwaka 1957 chini ya mwongozaji Jacques Tourneur. Mwaka 1958 ilionyeshwa Marekani kwa jina la Curse of the Demon, ikiwa imepunguzwa kwa dakika 10 na zaidi. Tumeiteua kwa sababu mbili. Kwanza, waliohusika na mgogoro wake waliusema wazi baadaye, kila mmoja kwa upande wake. Pili, filamu hii ilitokana na hadithi fupi iliyokwisha kuandikwa, na kwa hiyo twaweza kulinganisha zimwi la maneno na zimwi la picha, tukaona ni nini kilichoongezeka na ni nini kilichopotea njiani.

Yafaa tueleze pia kwa nini tunatumia neno zimwi, wala si pepo au jini. Katika imani za watu wa pwani, pepo humwingia mtu, husema kwa kinywa chake na kudai vitu vyake. Aghalabu hutambuliwa kwa lugha anayoisema na kwa anachokidai, si kwa sura. Kiumbe cha filamu hii hakimwingii mtu. Humfuata, humfikia na kumrarua. Hiyo ndiyo kazi ya zimwi.

Filamu na ugomvi wake

Kisa chenyewe ni hiki. Profesa Harrington anakwenda usiku kwa Julian Karswell, kiongozi wa kundi la waabudu shetani, kumsihi alizuie jambo alilolianzisha. Karswell anamtuliza kwa maneno matamu, lakini Harrington hafiki salama nyumbani. Kisha anawasili kutoka Marekani mwanasaikolojia John Holden, mtu asiyeamini uchawi wa aina yoyote. Akiwa katika maktaba ya British Museum, Karswell anampa kwa hila kipande cha karatasi kilichoandikwa herufi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya. Mwenye kuwa na karatasi hiyo atakufa siku iliyotajwa na saa iliyotajwa, isipokuwa afanikiwe kuirudisha mikononi mwa aliyempa, naye aipokee mwenyewe. Holden, akisaidiwa na Joanna, binti wa ndugu ya marehemu Harrington, anasafiri polepole kutoka katika kukana hadi katika kushuku, na kutoka katika kushuku hadi katika kuamini. Mwishowe anafaulu kumrudishia Karswell karatasi ndani ya garimoshi, na Karswell anakufa kwenye njia ya reli.

Mtu aliyepewa kuiongoza kazi hii hakuwa mgeni wa swali letu. Tourneur alizaliwa Paris mwaka 1904, mwana wa mwongozaji Maurice Tourneur, na alipata sifa mwaka 1942 kwa filamu ya Cat People, iliyotayarishwa na Val Lewton katika studio ya RKO. Katika filamu hiyo mwanamke mmoja anaogopa kwamba atageuka chui mweusi. Mahali pake panapokumbukwa zaidi ni bwawa la kuogelea usiku: msichana yu peke yake majini, ukutani panapita kivuli, panasikika ngurumo ya mnyama, na basi. Hakuna kinachoonekana. Lakini hata huko wakubwa wa studio walitaka chui aonekane mahali pengine katika filamu, ndani ya ofisi ya wachora ramani, na Tourneur akatii kwa kumtia mnyama huyo katika giza nene, hata mtazamaji akawa na chui na asiwe naye. Kwa hiyo alipofika Uingereza miaka kumi na zaidi baadaye, alikuwa amekwisha kuijua hoja ya pande zote mbili.

Safari hii aliyekuwa na mfuko wa fedha ni Hal E. Chester. Mchezo ulikuwa umeandikwa na Charles Bennett, mwandishi mwenye jina kubwa aliyewahi kufanya kazi na Alfred Hitchcock katika The 39 Steps ya mwaka 1935. Bennett ndiye aliyekuwa na haki ya kuitumia hadithi ya asili. Katika filamu iliyokamilika, jina la Chester limeandikwa pamoja na lake kama mwandishi mwenzake, na Bennett hakuacha kulalamika juu ya mabadiliko yaliyofanywa katika kazi yake. Ugomvi haukuhusu zimwi peke yake. Kwa dhoruba ambayo Karswell anaiita ili kumwonyesha Holden uwezo wake, Tourneur alitaka injini mbili za ndege badala ya mapangaboi mawili ya umeme. Chester alisitasita, hata mchezaji mkuu, Dana Andrews, akatishia kuondoka iwapo mwongozaji hataachwa aongoze. Mtu anayeitazama dhoruba ile leo, jinsi inavyowatawanya watoto waliokuwa wakicheza na kupindua viti na meza, atakiri kwamba injini zilistahili gharama yake.

Lakini ugomvi mkubwa ulihusu zimwi. Filamu kama tulivyo nayo hulionyesha mara mbili kwa uwazi: mwanzoni, linapomjia Harrington, na mwishoni, linapomuua Karswell. Ni dubwana refu lenye pembe, meno na makucha, kwa mfano wa mashetani wa michoro ya kale ya Ulaya, na uso wake huletwa karibu kabisa na macho yetu. Baadaye Tourneur alisema kwamba picha hizo zilichukuliwa bila yeye, ila zile za msituni ambamo Holden anafukuzwa na kitu kama wingu. Alisema kwamba kwa upande wake angalipenda zimwi lionekane mwishoni tu, wakati garimoshi linapita, kwa picha nne za utepe. Utepe wa sinema huenda kwa picha 24 katika sekunde moja. Picha nne ni sehemu ya sita ya sekunde. Mtazamaji angetoka akijiuliza kama ameona au hakuona.

Hapa mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ngano ya msanii mwema na tajiri mwovu: eti filamu ilikuwa tayari, safi na bila ya zimwi, kisha mtayarishaji akaja na mkasi na dubwana lake. Tony Earnshaw, aliyeandika kitabu kizima juu ya utengenezaji wa filamu hii, kilichotoka mwaka 2005, anadai kinyume: kwamba mpango wa kulionyesha zimwi ulikuwako mapema katika utayarishaji. Kama ndivyo, basi Tourneur aliyajua mapema zaidi kuliko kisa kinavyotaka tuamini, na kumbukumbu za msanii, kama kumbukumbu za msimulizi yeyote, zilikuwa zimekwisha kuanza kuunda ngano. Hata hivyo, hoja yetu haitegemei siku ambayo uamuzi ulifanywa. Inategemea jambo lisilobishaniwa: kwamba watu wawili walikuwa na nadharia mbili za kutisha, na kwamba nadharia zote mbili zimo ndani ya filamu moja, zikigombana mbele ya macho yetu.

Hadithi ya James: mchawi ndiye mwenye picha

Wahakiki wengi wa filamu hii huishia hapo. Humsifu Tourneur, humlaumu Chester, hufunga kitabu. Kwa maoni yetu wamesahau kuisoma tena hadithi yenyewe, kwa maana hadithi hiyo ilikuwa imekwisha kuujadili mgogoro huu kabla ya filamu kuwako.

Hadithi hiyo ni Casting the Runes ya M. R. James, mtaalamu wa maandiko ya kale wa Cambridge aliyeishi kuanzia 1862 hadi 1936. Ilichapishwa katika mkusanyo wake wa pili wa hadithi za mizimu, mwaka 1911. Msomaji wa jarida kama hili ataikuta imejaa mambo ya nyumbani. Karswell wa James ni mwandishi ambaye karatasi yake juu ya alkemia imekataliwa na jumuiya ya wataalamu, kwa ushauri wa msomaji aitwaye Dunning. Zamani aliandika kitabu juu ya historia ya uchawi, chenye Kiingereza kilichowakera wenye elimu. Kikahakikiwa vibaya, na mhakiki wake, John Harrington, akafa mwaka 1889 kwa kuanguka kutoka juu ya mti alioupanda usiku kana kwamba anafukuzwa. Ni hadithi ya wachapishaji, wahakiki na chuki zao, kabla ya kuwa hadithi ya zimwi.

Sasa tuangalie ni nani, katika hadithi hiyo, anayeonyesha zimwi. Si mwandishi. Mwandishi hulificha kwa uangalifu mkubwa. Dunning, akiwa kitandani gizani, anatia mkono chini ya mto na kugusa kinywa chenye meno na nywele, nacho si kinywa cha binadamu. Hatupewi zaidi. Karibu na mwisho, Karswell anapopanda meli, mkagua tikiti anamwuliza kama yule bwana mwingine ameonyesha tikiti yake. Kumbe hakuna bwana mwingine. Mkagua tikiti anabaki kushangaa, akidhani labda abiria alikuwa na mbwa, lakini ana hakika kwamba hakuwa peke yake. Zimwi limepita mbele yetu, na lililotuonyesha si pembe wala makucha bali ni hesabu: tulihesabu mmoja, mkagua tikiti akahesabu wawili.

Anayeonyesha zimwi ni Karswell. Mapema katika hadithi tunaelezwa jinsi alivyowaalika watoto wa kijiji kutazama picha za taa zilizotupwa ukutani. Alianza na picha za hadithi wanazozijua. Kisha akawaonyesha mtoto akipita jioni katika bustani ileile ya Karswell, na nyuma yake kiumbe cheupe chenye kurukaruka, kwanza kikijificha kati ya miti, halafu kikionekana zaidi na zaidi, hata kikamfikia mtoto. Watoto walishikwa na wazimu wa hofu. Tena Harrington, kabla ya kufa, alipokea kwa posta picha ya kuchonga ya mtu anayetembea njiani usiku, nyuma yake kiumbe cha kuogofya. Katika hadithi ya James, basi, picha ya zimwi ni silaha ya mchawi. Mwandishi na mchawi wanashindana kwa mbinu mbili: mwandishi hututisha kwa kutuficha, mchawi huwatisha wahasiriwa wake kwa kuwaonyesha. Na hadithi yenyewe imekwisha kutuambia ni ipi kati ya mbinu hizo iliyo ya kikatili na isiyo na adabu.

Filamu imeibadilisha sehemu hii. Karswell wa filamu hawaonyeshi watoto picha. Amevaa mavazi ya mcheshi na kuwafanyia mazingaombwe, naye ni mwema kwao. Mabadiliko haya yamemfanya mhusika kuwa na utu zaidi, na ni moja ya mafanikio ya filamu. Lakini taa ya picha haikupotea. Imetoka mikononi mwa Karswell ikaingia mikononi mwa mtayarishaji. Kiumbe kinachojificha kwanza kati ya miti, kisha kikaonekana zaidi na zaidi hadi kikafika: huu ndio mfululizo wa picha ambao Karswell wa James aliwatesa nao watoto wa kijiji, na ndio hasa mfululizo wa picha ambao Chester ametupa sisi katika dakika za kwanza za filamu. Bila ya kukusudia, mtayarishaji ameketi katika kiti cha mchawi.

Zimwi la ngano na sarufi yake

Msimulizi wetu wa ngano angesimama upande gani? Mtu angedhani kwamba yeye hana uchaguzi, kwa kuwa hana picha. Hilo si kweli. Msimulizi angeweza kueleza zimwi kutoka utosini hadi ukuchani, na lugha isingemnyima maneno. Hafanyi hivyo. Katika ile ngano ya msichana aliyetiwa ndani ya ngoma na zimwi, ambayo husimuliwa kwa namna nyingi miongoni mwa jamii za Kibantu, hadhira huambiwa kila kitu juu ya ngoma, juu ya wimbo wa msichana, juu ya wazazi walioitambua sauti ya mtoto wao. Juu ya umbo la zimwi huambiwa kidogo sana. Na pale msimulizi anapotoa umbo, hutoa kiungo kimoja: kinywa kilichofichwa kisogoni chini ya nywele, au mguu mmoja, au jicho moja. Hakuna anayeuliza pua iko wapi. Kiungo kimoja kimesimama badala ya mwili mzima, na mwili uliobaki kila msikilizaji amejitengenezea mwenyewe, kwa kipimo cha hofu yake.

James naye, bila ya kuzijua ngano zetu, alifanya vivyo hivyo: kinywa, meno, nywele, basi.

Kiswahili kimekwenda mbali zaidi kuliko msimulizi, kwa maana kimeitia kazi hii ndani ya sarufi. Tukitaka kumgeuza mtu kuwa kitu cha kuogofya hatuhitaji kumwongezea pembe. Tunambadilishia kiambishi tu, naye mtu amekuwa jitu. Nyoka amekuwa joka. Mbwa amekuwa jibwa. Kiambishi hakikusema kiumbe kimeongezeka nini: urefu, unene, ukali au uovu. Kimesema kwamba kimevuka mpaka wa aina yake. Umbo limeachiwa anayesikiliza.

Tena kuna upatanisho. Majina ya wenye uhai, hata yale yasiyo na kiambishi cha ngeli ya watu, kwa kawaida hupatanishwa kama watu: kipofu amekuja, simba amekuja. Zimwi na jitu aghalabu hukataliwa heshima hiyo: zimwi limekuja. Methali yetu mashuhuri inashuhudia: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hata pale linapopewa ujuzi, kazi ya mwenye akili, halikupewa kiambishi cha mwenye akili. Sasa na tumfikirie msimulizi anayesema usiku mbele ya watoto: Likaja, likaja, likasimama mlangoni. Hakutaja jina. Silabi moja, li, imekwisha kuwaambia watoto kwamba aliyeko mlangoni si mtu. Lakini haikuwaambia ni nini. Huo ni ustadi ambao mwongozaji wa filamu, pamoja na injini zake mbili za ndege, angeuonea wivu. Ndiyo zile picha nne za utepe alizozitaka Tourneur: muda wa kujua kwamba kipo, bila ya muda wa kujua ni nini.

Haki ya mtayarishaji

Ingekuwa rahisi kukomea hapa na kumhukumu Chester. Lakini uhakiki usiosikiliza upande wa pili ni shutuma tu, na upande wa pili una hoja mbili nzito.

Hoja ya kwanza ni ya muundo. Zimwi linapoonekana mwanzoni, hadhira inapata ujuzi ambao Holden hana. Kwa muda wa saa nzima na zaidi tunamtazama msomi huyu akicheka, akieleza kila jambo kwa sayansi, huku sisi tukijua kwamba amekosea na kwamba siku zake zinahesabiwa. Hiyo ni kinaya, na kinaya ni mbinu halali na kongwe ya tamthilia. Kama zimwi lisingeonekana, tungekuwa pamoja na Holden katika shaka. Kwa kuwa limeonekana, tu juu yake, tukimhofia. Ni filamu nyingine, lakini si lazima iwe mbaya zaidi.

Hoja ya pili ni ya haki kwa mtazamaji. Kuficha kwaweza kuwa ustadi, na kwaweza pia kuwa ukwepaji. Mtu asiye na fedha ya kutengeneza zimwi, au asiye na ubunifu wa kulifikiri, aweza kujificha nyuma ya kivuli na kudai sifa ya ufundi. Mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kudai kwamba hofu aliyoahidiwa ina kitu nyuma yake.

Tunazikubali hoja zote mbili kwa kiasi, lakini hatudhani kwamba zinatosha kuitetea filamu kama ilivyo. Kuhusu kinaya: ili tumjue Holden kuwa amekosea, hatukuhitaji uso wa zimwi. Ule moshi wenye mwanga unaochomoza mbali kati ya miti, na ile sauti ya kukwaruza inayoutangulia, vilikuwa vimekwisha kutupa ujuzi wote huo. Kuhusu haki ya mtazamaji: tofauti kati ya kuficha na kukwepa ni kazi iliyofanywa. Katika lile tukio la msituni hakuna ukwepaji. Nyayo zinajichapa ardhini moja baada ya nyingine bila ya mwenye nyayo, kisha moshi unamfuata Holden kati ya miti. Kitu kimetengenezwa, kimegharimiwa, kinaonekana kwa macho; ila kimetolewa kwa sehemu, kama kinywa chini ya mto, kama mguu mmoja wa zimwi la ngano. Hapa ndipo nadharia mbili zilipokaribia kupatana.

Kosa limo katika uso ulioletwa karibu. Unapotokea, mtazamaji huacha kuogopa na kuanza kukagua. Hutazama pembe zimeunganishwaje na kichwa; hushangaa kwamba macho hayachezi; hufikiri juu ya mafundi na gundi yao. Swali la hofu, ni nini hiki, limegeuka kuwa swali la ufundi, hiki kimetengenezwaje. Na swali la pili likishaulizwa, la kwanza halirudi. Wala kosa hili halikutokana na ufundi duni wa mwaka 1957 tu, ambao vyombo vya siku hizi vingeuponya. Uso kamili, hata uwe stadi namna gani, ni uso mmoja, uliochaguliwa na mtu mmoja. Hauwezi kulingana na nyuso zote zilizokwisha kuundwa gizani na watazamaji wote.

Ushahidi mkubwa kabisa umo katika mwisho wa filamu yenyewe. Karswell amekufa relini. Watu wa garimoshi wanaamini kwamba amegongwa. Holden, aliyekuja kutoka ng'ambo kwa ajili ya kujua, anageuka na kuamua kwamba huenda ni afadhali kutojua. Mwisho huu uliandikwa kwa ajili ya hadhira isiyo na hakika. Ungekuwa mwisho mkamilifu wa zile picha nne. Lakini sisi tumekwisha kuliona zimwi likimwinua Karswell na kumrarua kama mwanasesere. Holden anatuachia fumbo ambalo mtayarishaji amekwisha kulifumbua. Mchezo unasema jambo moja, picha inasema jingine, na kiungo kilichopaswa kuvishikamanisha kimevunjika.

Hitimisho

Tumeuchunguza mgogoro huu kwa sababu sisi nasi tumo ndani yake. Ngano zetu zinaendelea kuandikwa, kuchapishwa katika vitabu vya watoto na kutiwa katika filamu. Kila zinapohama kutoka mdomoni kwenda penginepo, mtu fulani huombwa alichore zimwi. Mara nyingi anayeamua si msimulizi, wala si mtafiti aliyemrekodi msimulizi. Ni mchapishaji, kwa kuwa ndiye mwenye mfuko, na kwa kuwa kitabu chenye dubwana la rangi juu ya jalada huuzika. Mchoraji asiyeisikia ngano ikisimuliwa huchukua sura iliyo karibu, na sura iliyo karibu aghalabu ni ile ya michoro ya kale ya Ulaya: pembe mbili, mkia na meno, binamu wa dubwana la Chester. Mtoto aliyejifunza zimwi kutoka katika picha hiyo atakapoisikia ngano kwa bibi yake atakuwa na uso mmoja tu wa kuutumia, na uso huo si wa bibi wala si wake.

Hatudai kwamba zimwi lisichorwe kamwe. Tunadai kanuni ambayo msimulizi, James na Tourneur, kila mmoja kwa njia yake, waliifuata: mchoro usiseme zaidi ya alivyosema msimulizi. Akitoa kinywa, na kichorwe kinywa. Akitoa nyayo, na zichorwe nyayo. Akitoa kiambishi kitupu, na mchoraji achore mlango na watoto wanaoutazama. Na sisi tunaokusanya ngano tuna wajibu unaotangulia ule wa mchoraji. Tunapoandika ngano tuonyeshe waziwazi ni wapi msimulizi alinyamaza juu ya umbo, maana tukiujaza ukimya huo kwa maelezo yetu, hata kwa nia njema ya kumsaidia msomaji, tutakuwa tumempokonya msimulizi uamuzi alioufanya kwa makusudi. Ukimya huo ni sehemu ya matini, sawa na wimbo na kiitikio, na unastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule.